Kutambua ni Kutofautisha: Somo la Neno Moja na Kazi Zake

Ndugu mkulima, katika fomu nyingi za benki, za ofisi ya ardhi na za chama cha ushirika utaliona neno la Kiingereza identification, na mbele yake nafasi tupu. Wengi wetu huandika hapo namba ya kipande kisha tukaendelea. Hivyo ndivyo ofisi inavyotaka, lakini neno hilo ni pana kuliko kipande. Mfugaji anayemtoa ng'ombe wake katika kundi la jirani analitumia. Mama anayegeuza mfuko wa mbegu dukani ili asome kibandiko chake analitumia. Daktari wa mifugo anayefungua kinywa cha mbuzi mgonjwa analitumia pia.

Kwa Kiswahili maana yake yote inatoka katika kitendo kimoja, kutambua. Somo la mwezi huu litaeleza kitendo hicho, maneno yaliyozaliwa nacho, na hasara inayompata mkulima akikifanya kwa haraka. Mifano kadhaa tutaitoa Korbesa, upande wa Merti katika Kaunti ya Isiolo, kwa sababu watu wa huko wameyaona mambo haya kwa macho yao: mifugo, nzige, majina na vipande. Lakini mkulima wa skimu yo yote ataiona habari yake humo.

NENO NA WATOTO WAKE

Kutambua ni kuona kitu na kujua ni kipi. Kuona peke yake hakutoshi. Mtu husema, "Nilimwona akipita, lakini sikumtambua." Macho yalifanya kazi, ila akili haikupata alama ya kushika.

Kutokana na kitendo hiki tunapata maneno mengine, na kila moja lina kazi yake.

Utambuzi ni kazi ya yule anayetazama. Wenzetu wa Tanzania walipotunga sheria ya mifugo mwaka 2010 waliiita sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo. Ng'ombe hajitambulishi, mtu ndiye anayemtambua.

Kutambulisha ni kumfanya mtu ajulikane kwa mwingine. Mgeni akiingia barazani, mwenyeji wake humtambulisha kwa wazee. Chifu akikuandikia barua uende nayo mjini, hiyo ni barua ya utambulisho: yeye anakujua, na anawaambia wasiokujua.

Kitambulisho ni chombo cha kazi hiyo, kama vile kifuniko ni chombo cha kufunika. Kinaweza kuwa kadi, hereni ya sikio la ng'ombe, au namba iliyoandikwa juu ya kigingi cha shamba.

Kujitambua ni kujijua mwenyewe. Mgonjwa aliyezimia akipata fahamu, watu husema amejitambua.

Basi kila utambulisho una mambo matatu: kuna kinachotambuliwa, kuna alama yake, na kuna mtu anayeifahamu alama hiyo. Moja likikosekana, kazi haifanyiki. Chapa iliyo wazi haina maana kwa polisi ambaye hajui ni ya nani.

Wazee walilisema jambo hili kwa methali: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku uliyemnunua jana anafanana na kuku wengine, na yeye mwenyewe hajajua nyumba yake ni ipi. Kamba humwonyesha kila mtu kwamba huyu ni mgeni, na ana mwenyewe. Lakini kumbuka kwamba kamba ile ile inayomtambulisha ndiyo inayomfunga. Tutalirudia jambo hilo tutakapofika kwenye habari za kipande.

KINAFANANA NA NINI?

Njia nzuri ya kuelewa kazi ya kutambua ni kutazama gwaride la utambuzi la polisi. Mtu akisema kwamba anaweza kumtambua mwizi, polisi hawamletei mtuhumiwa peke yake na kumwuliza, "Je, ni huyu?" Humpanga pamoja na watu wengine wasiopungua wanane, wenye umri, kimo na sura inayokaribiana na yake, kisha shahidi huambiwa amchague. Akimchagua katika wanaofanana, maneno yake yana uzito. Akionyeshwa mmoja tu, huenda akakubali kwa sababu hana wa kumlinganisha naye.

Hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Kutambua ni kutofautisha. Usiseme umekitambua kitu mpaka ujue kinafanana na nini, na ni alama gani inayokitenga na wenzake. Tutaitumia kanuni hiyo shambani kwanza.

WADUDU

Viwavijeshi vamizi vilithibitishwa nchini Kenya mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya kuonekana Afrika kwa mara ya kwanza. Mahindi ya wengi yaliliwa huku mwenyewe akisema, "Hawa ni wale viwavi wa siku zote." Tazama kichwa cha kiwavi: kama ana mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyogeuzwa juu chini, na karibu na mwisho wa mwili ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za mraba, huyo ndiye kiwavijeshi vamizi. Viwavi wengine wanaokula mahindi hawana alama hizo mbili kwa pamoja. Hujificha ndani ya moyo wa mhindi, kwa hiyo fungua majani ya katikati asubuhi mapema, ukatazame.

Nzige wa jangwani waliingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, na mwezi wa Januari 2020 walikuwa wamefika Isiolo. Hapo rangi ilikuwa habari kubwa. Nzige wa waridi ni vijana: wanaruka mbali na kula sana, lakini hawajaanza kutaga. Nzige wa manjano wamekomaa, na kazi yao ni kutaga mayai katika mchanga wenye unyevu. Katika nchi ya joto, mayai huanguliwa baada ya wiki mbili hivi, na wanatoka tunutu wasioweza kuruka. Kwa hiyo mfugaji aliyepeleka habari kwamba ameona "nzige wengi" alisaidia kidogo. Yule aliyesema, "Nimeona nzige wa manjano wametua mahali fulani, siku fulani," alisaidia sana, kwa maana wapulizaji dawa walijua ni wapi pa kuwangojea tunutu kabla hawajaota mabawa.

MAGONJWA NA MBEGU

Katika mbuzi kuna magonjwa mawili yanayowadanganya wengi. Sotoka ya mbuzi na kondoo huleta homa, machozi, kamasi na kukohoa. Homa ya mapafu ya mbuzi nayo huleta homa, kukohoa na kupumua kwa shida. Mtu akisikia kikohozi tu, hawezi kujua ni ipi.

Fungua kinywa, kisha tazama mkia. Sotoka huleta vidonda kinywani na kuharisha, na huwakamata mbuzi na kondoo pia. Homa ya mapafu haileti vidonda wala kuhara. Hukaa kifuani, na kwa kawaida huwashika mbuzi huku kondoo wa zizi lile lile wakibaki wazima. Tofauti hiyo ni ya fedha. Homa ya mapafu hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria ikiwahiwa. Sotoka inatokana na virusi, na dawa hizo haziiponyi. Kinga yake ni chanjo. Mfugaji anayenunua chupa kabla ya kutambua ugonjwa huenda akatupa fedha yake, na wakati huo huo ugonjwa unapita kwa jirani. Ukiona dalili, tenga wagonjwa na umwite daktari wa mifugo ili athibitishe, maana yako magonjwa mengine yanayofanana na hayo mawili.

Mbegu ni vivyo hivyo. Punje bandia na punje halali zinaweza kupakwa rangi moja, hata mfuko ukawa na picha ile ile. Ndiyo sababu shirika la KEPHIS, linalokagua mbegu, lilianzisha kibandiko chenye namba iliyofichwa. Kikwangue, tuma namba hizo kwa simu kwenda 1393, nawe utajibiwa kama mbegu hiyo inajulikana. Fanya hivyo kabla ya kuondoka dukani, na uweke risiti pamoja na mfuko mpaka uvune. Mahindi yasipoota, maneno matupu hayatakusaidia. Mfuko na risiti ndivyo vitakavyokutambulisha kuwa mnunuzi.

ALAMA YA MIFUGO

Mfugaji wa Korbesa hahitaji kufundishwa kumtambua ng'ombe wake. Anamjua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama yake, hata kwa mlio wake. Ukoo nao una alama zake za sikio na chapa zake za moto, na kwa hizo mnyama aliyepotea kisimani hurudishwa kwa mwenyewe bila kesi.

Lakini ujuzi huo unakaa katika kichwa cha mtu, na hausafiri. Mbuzi akipakiwa kwenye lori kwenda soko la Kiamaiko, Nairobi, huko hakuna anayemjua mama yake. Kinachosema kwa niaba ya mwenyewe ni alama iliyo mwilini na karatasi iliyo mkononi: kibali cha kusafirisha mifugo na maandishi ya mauzo. Zikikosekana, mali halali hufanana na mali ya wizi, na askari wa njiani hawezi kulaumiwa kwa kutojua.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Weka alama yako mahali pamoja katika kila mnyama, ya namna moja, isiyobadilika mwaka hata mwaka. Kisha uwe na daftari: tarehe ya kuzaliwa, rangi, alama, na siku ya kuuzwa au kufa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

JINA LA MTU

Sasa tuje kwa mtu mwenyewe. Waborana huwapa watoto wengi majina kwa wakati wa kuzaliwa. Aliyezaliwa mchana huitwa Guyo, wa usiku Halkano, wa jioni Galgalo, wa alfajiri Boru. Na Roba ni mtoto wa mvua. Ni majina mazuri yenye habari ndani yake. Lakini watoto wengi huzaliwa mchana, na kwa hiyo akina Guyo ni wengi. Ndiyo maana jina la baba hufuata, na la babu baada yake. Majina matatu yakikutana, mtu mmoja hutengwa na wenzake. Hii ni kanuni ile ile ya gwaride: alama moja haitoshi, alama tatu zinatosha.

Taabu huanza katika kuandika. Karani mmoja huandika Halkano, mwingine Halakano. Mmoja huandika Galgalo, mwingine Galgallo. Nyumbani ni mtu yule yule, na hakuna anayeuliza. Katika daftari ni watu wawili.

Tuseme mkulima wa skimu ameandikwa kwa namna moja katika kipande, kwa namna ya pili katika hati ya shamba, na kwa namna ya tatu katika chama cha maji. Maadamu yu hai, husimama mwenyewe na kusema, "Ni mimi." Akifa, hawezi kusimama. Mjane na watoto huenda mahakamani kuomba urithi, wakaulizwa kwa nini cheti cha kifo hakikubaliani na hati ya shamba. Itawabidi kuleta hati za kiapo na barua za chifu, na kulipa nauli ya safari nyingi. Shamba lililolipiwa mkopo kwa miaka mingi linakaa bila mwenyewe kwa sababu ya herufi moja.

Katika nchi kama Korbesa, ambako ardhi kubwa ni ya jamii, jambo hili lina sura nyingine. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka jamii iliyosajiliwa iwe na orodha ya wanachama wake, na orodha hiyo isahihishwe kila mwaka. Aliyemo katika orodha ana sauti juu ya malisho. Asiyekuwemo itamlazimu kuthibitisha kwamba ni mwenyeji, mahali ambapo huenda babu yake alichimba kisima. Hakikisha kwamba majina ya wanawake na ya vijana wa nyumba yako yameandikwa.

KAMBA YA KUKU: HABARI ZA KIPANDE

Tumesema kwamba kamba hutambulisha, na pia hufunga. Historia ya Kenya inaonyesha mambo hayo mawili.

Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika mwaka 1915, ikaanza kuitumia baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanaume wa zaidi ya miaka 16 aliyehusika alipaswa kuchukua karatasi yenye jina lake, alama za vidole, na habari za mwajiri wake na mshahara wake. Karatasi iliwekwa ndani ya kikebe cha chuma, kikafungwa kwa kamba shingoni. Aliyeonekana bila hicho aliweza kutozwa faini au kufungwa. Kusudi kubwa lilikuwa kumzuia mfanyakazi asiondoke kwa bwana wake. Kipande kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyolalamikiwa na Harry Thuku na wenzake. Thuku alikamatwa mwezi wa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Sheria mpya ya mwaka 1947 ilileta uandikishaji wa wanaume wa kila taifa. Wanawake waliingizwa mwaka 1978.

Kaskazini mwa nchi kulikuwa na kamba nyingine. Wilaya za mpakani, Isiolo ikiwamo, zilifungwa kwa sheria zake zenyewe, kama ile ya mwaka 1934, na watu hawakuruhusiwa kuingia na kutoka wapendavyo. Baada ya Uhuru vikaja vita vya shifta, tangu mwishoni mwa mwaka 1963 hadi 1967. Wakati huo mfugaji aliyekuwa akichunga na mtu aliyekuwa akipigana walifanana machoni pa askari: nguo moja, lugha moja, njia moja ya kwenda majini. Badala ya kutofautisha, watu walikusanywa wote pamoja katika vijiji vilivyolindwa, kama vile Garba Tulla na Merti, na mifugo mingi ikaangamia. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika mateso ya watu wa kaskazini katika taarifa yake ya mwaka 2013. Hii ndiyo gharama ya kushindwa kutambua. Ukikosea kiwavi utapoteza mahindi. Ukikosea mtu, unaweza kuharibu maisha ya nchi nzima kwa muda wa vizazi viwili.

Hata baadaye, kwa miaka mingi, kijana wa kaunti za mpakani aliyetaka kitambulisho alipita mbele ya kamati ya kumhoji ukoo wake, jambo ambalo kijana wa sehemu nyingine hakulijua. Mwezi wa Februari 2025, mjini Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kuuondoa utaratibu huo.

Maana ya habari hizi ni kwamba kitambulisho si kitu kizuri wala kibaya kwa chenyewe. Ukikichukua kwa hiari yako, kina habari za kweli, na kinakufungulia mlango, ni haki yako. Mtu asiye na kitambulisho leo hawezi kupiga kura, kufungua akiba benki, wala kuandikisha simu kwa jina lake. Katika lugha ya kila siku nchini Kenya watu bado wanakiita kipande. Jina limebaki, kamba ya shingoni imekwisha.

YAKUPASAYO KUFANYA

Kwanza, kusanya karatasi zote za nyumba yako siku moja: vipande, vyeti vya kuzaliwa, hati ya shamba au barua ya kugawiwa, kadi ya ushirika, kitabu cha benki. Soma majina herufi kwa herufi. Kama husomi, mwite mtoto wa shule akusomee kwa sauti.

Pili, ukiona tofauti, irekebishe ukiwa hai. Nenda kwa chifu na kwa ofisi ya usajili wa watu, uulize utaratibu na malipo ya sasa, kwa kuwa malipo hubadilika. Dai risiti kwa kila fedha unayolipa.

Tatu, mtoto akizaliwa, mwandikishe mapema. Akitimiza miaka 18, mpeleke kuomba kitambulisho pamoja na cheti chake cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Msingojee siku ya kutafuta kazi.

Nne, usimkabidhi mtu kipande chako kama rehani ya deni, wala usimpe mgeni namba yake kwa simu. Alama inayokutambulisha ikiwa mikononi mwa mwingine, yeye ndiye anayeweza kusema, "Ni mimi."

MASWALI YA KIKUNDI

1. Eleza tofauti kati ya utambuzi, utambulisho na kitambulisho. Toa mfano mmoja wa kila neno kutoka shambani kwako.

2. Taja mdudu au gugu moja la skimu yenu. Linafanana na nini, na ni alama gani inayolitofautisha?

3. Mbuzi wanne wanakohoa, kondoo ni wazima. Utatazama nini kabla ya kununua dawa?

4. Katika nyumba yako, ni nani ambaye jina lake limeandikwa kwa namna mbili? Litasahihishwa lini?

Swali la nne lisijibiwe kwa mdomo tu. Andikeni tarehe katika daftari la kikundi, na mkutanapo mwezi ujao katibu awasomee ni nani amekwisha kwenda na ni nani bado.